Jina na Uso: Florence Lawrence katika Historia ya Filamu Bubu

Historia ya filamu, sawa na historia ya fasihi, ina mazoea ya kumtafuta wa kwanza: riwaya ya kwanza, tamthilia ya kwanza, nyota wa kwanza. Katika vitabu vingi vinavyosimulia sinema ya Marekani, cheo hicho cha nyota wa kwanza hupewa Florence Lawrence, na aghalabu sababu inayotolewa ni kisa kimoja tu: kwamba mwaka 1910 watu waliambiwa amekufa, kisha wakaambiwa yu hai, na kwa njia hiyo jina lake likaenea. Kisa hiki kinapendeza kusimuliwa. Hata hivyo, kimemtendea mwigizaji huyu jambo la ajabu. Kimemfanya awe maarufu kwa kifo ambacho hakufa, na papo hapo kimeifunika kazi aliyoifanya kabla yake, wakati ambapo hakuwa na jina mbele ya hadhira. Makala hii inadhamiria kuyafuatilia maisha yake kwa kuuliza swali ambalo mhakiki wa fasihi amelizoea: ni nani mwenye mamlaka ya kumpa mhusika jina, na jina hilo likishatolewa huwa mali ya nani?

Suala la jina lilianza mapema. Mtoto aliyezaliwa mjini Hamilton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, tarehe 2 Januari 1886, aliitwa Florence Annie Bridgwood. Baba yake, George Bridgwood, alikuwa fundi wa magari ya farasi. Mama yake, Charlotte, alijulikana jukwaani kama Lotta Lawrence na aliongoza kundi lake mwenyewe la michezo ya kuigiza. Wazazi hao walipotengana, binti, ambaye alikuwa angali mdogo sana, alimfuata mama. Na kwa kumfuata mama akalifuata jina la mama, ambalo nalo halikuwa la ukoo bali la usanii. Akiwa mtoto alipandishwa jukwaani kwa jina la Baby Flo na kusifiwa kwa ustadi wake wa kupiga mbinja. Kwa hiyo mtu atakayelichukulia "Florence Lawrence" kuwa jina halisi lililofichwa na kampuni za filamu, kisha likafichuliwa, atakuwa amekosea tangu mwanzo. Hata jina lililofichwa lilikuwa la jukwaani.

Kundi la mama yake lilipovunjika, wawili hao walihamia New York, jiji ambalo wakati huo ndilo lililokuwa makao makuu ya filamu nchini Marekani. Ikumbukwe kwamba Hollywood ya leo ilikuwa bado haijajitokeza. Mwigizaji wa jukwaani alizitazama filamu kama vile mshairi wa mapokeo angeutazama wimbo wa tangazo la sabuni: ni kazi ya kujipatia riziki, wala si ya kujivunia. Mnamo 1907 Florence na mama yake walionekana katika Daniel Boone, filamu ya kampuni ya Edison, ambamo binti aliigiza kama mtoto wa shujaa huyo wa mipakani. Ilipigwa nje, katika baridi kali. Sifa iliyompatia nafasi hiyo ilikuwa uwezo wake wa kupanda farasi. Baada ya hapo alijiunga na kampuni ya Vitagraph, ambako aliigiza na pia kushona mavazi ya uigizaji kwa dola 20 kwa wiki. Jambo hili la kushona si dogo kwa mtafiti. Linaonyesha kwamba kampuni ilimhesabu mwigizaji kuwa kibarua miongoni mwa vibarua, ambaye akikosa kuitwa mbele ya kamera atashika sindano.

Katikati ya mwaka 1908 alihamia kampuni ya Biograph, na hapo ndipo kiini cha maisha yake ya kisanii kilipo. Mwelekezi D. W. Griffith, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi hiyo, alimhitaji mwanamke aliyeweza kupanda farasi kwa ajili ya filamu ya The Girl and the Outlaw. Mshahara ulipanda hadi dola 25. Mwaka huohuo aliolewa na Harry Solter, mwigizaji mwenzake katika kampuni hiyo. Studio ilikuwa ndani ya jengo moja katika mtaa wa Fourteenth Street jijini New York, na kasi ya kazi ilikuwa ya kiwanda: filamu mbili kila wiki, kila moja ikiwa na urefu usiozidi reeli moja, yaani takriban robo saa. Lawrence alionekana katika sehemu kubwa ya filamu za Griffith za mwaka huo. Leo anakuwa mke mchekeshaji katika mfululizo wa visa vya Bwana na Bibi Jones, kesho anakuwa Katharina katika The Taming of the Shrew, kesho kutwa anakuwa mshonaji fukara katika The Song of the Shirt, filamu iliyotokana na shairi la Thomas Hood. Mnamo 1909 aliigiza kama Katusha katika Resurrection, iliyoisonga riwaya nzima ya Tolstoy ndani ya dakika chache.

Kwa msomaji wa fasihi, orodha hii inatosha kuonyesha kwamba sinema ya mwanzo haikuwa mbali na maktaba. Shakespeare, Hood, Tolstoy na Tennyson walikopwa bila haya, kwa sababu majina yao yalileta heshima katika kumbi za senti 5 ambazo wakuu wa dini na magazeti walizishambulia kama pango la uovu. Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa. Kampuni ilikuwa tayari kuyatangaza majina ya waandishi, hata waliokwisha kufa zamani, lakini haikuwa tayari kulitaja jina la mwanamke aliyewapa wahusika wao mwili na uso.

Mfano ulio bora zaidi ni After Many Years, iliyotolewa Novemba 1908. Filamu hii ilitokana na Enoch Arden, shairi-simulizi la Tennyson la mwaka 1864 kuhusu baharia aliyevunjikiwa na chombo akabaki kisiwani huku mkewe akimngoja nyumbani. Lawrence ndiye aliyekuwa mke. Griffith aliugawa usimulizi katika mahali pawili: tunamwona mume kisiwani, kisha papo hapo tunamwona mke barazani, ingawa bahari nzima iko baina yao. Linda Arvidson, mwigizaji aliyekuwa mke wa Griffith, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1925 kwamba wakubwa wa kampuni waliingiwa na hofu. Walishangaa hadithi ingewezaje kusimuliwa kwa kurukaruka namna ile. Jibu la Griffith, kwa mujibu wa Arvidson, lilikuwa kwamba Dickens aliandika hivyohivyo.

Jibu hilo limezaa maandishi mengi. Sergei Eisenstein alilifanya msingi wa insha yake mashuhuri ya mwaka 1944 kuhusu Dickens na Griffith, na tangu hapo wanafunzi wa fasihi na wa filamu wamejadili namna riwaya ya karne ya 19 ilivyoifundisha kamera kusimulia. Mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo unawashughulikia Dickens, Tennyson na Griffith, na mara chache sana hutua kwa mwigizaji. Ilhali tukiirejelea filamu yenyewe, tunaona kwamba mruko kutoka kisiwani hadi barazani unaeleweka kwa sababu moja tu: mwili wa mke unaukamilisha. Mume anaibusu picha ya mkewe, picha inakatika, mke barazani ananyoosha mikono kuelekea upande ambao hapana mtu. Kitendo cha huku kinaitikiwa na kitendo cha kule, na watazamaji, ambao hawakuwa wamezoea usimulizi wa aina hii, wanaelewa kwamba wawili hao wanawazana. Wala kamera haikumsogelea uso kwa karibu mno, kama ilivyodaiwa baadaye na wapenzi wa kutafuta mambo ya kwanza. Tunamwona mwanamke mzima, kwa mbali kidogo, na ni mkao wake, utulivu wake kabla ya kuinyoosha mikono, unaobeba maana yote.

Roberta Pearson, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu uigizaji katika filamu za Griffith za Biograph, ametofautisha mitindo miwili: ule wa ishara kubwa zilizorithiwa kutoka kwa melodrama ya jukwaani, ambamo kila hisia ina mkao wake unaotambulika, na ule wa uhalisi, unaotegemea mambo madogo madogo kama kushikashika kitu mkononi au kuinamisha kichwa. Mabadiliko kutoka mtindo wa kwanza hadi wa pili yalitokea katika miaka hiyohiyo. Lawrence anasimama mpakani. Mikono inayonyoshwa ni ya jukwaa la mama yake. Utulivu unaoitangulia ni wa sinema. Yeyote anayetaka kuelewa namna sanaa moja inavyojitenga na nyingine bila kukata kitovu chake kwa ghafla, atapata mengi hapa kuliko katika kisa cha mwaka 1910.

Kwa nini basi jina lilifichwa? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wenye kampuni waliogopa: mwigizaji akijulikana kwa jina atadai mshahara mkubwa. Maelezo haya yana ukweli, lakini si ukweli wote. Richard deCordova alionyesha mwaka 1990 kwamba katika miaka ya kwanza filamu ziliuzwa kwa chapa ya kampuni na kwa maajabu ya mashine yenyewe. Dhana kwamba kinachoonekana kwenye kitambaa ni uigizaji, tena uigizaji wa mtu fulani, ilihitaji muda kujengeka. Ilipojengeka, Biograph iliipinga kwa ukaidi kuliko kampuni nyingine na ikaendelea kuyaficha majina hadi mwaka 1913. Watazamaji hawakusubiri. Walimtambua kwa uso, wakaandika barua kuuliza ni nani, na kwa kukosa jibu wakamwita Msichana wa Biograph.

Lakabu hiyo inafaa kuchunguzwa kisarufi. Kiunganishi "wa" hapa ni cha umilikaji: msichana ni wa kampuni kama vile kiti kilivyo cha ofisi. Ushahidi ni kwamba alipoondoka, lakabu haikuondoka naye. Ilibaki pale pale na akavishwa Mary Pickford, aliyekuwa ameingia katika kampuni mwaka 1909. Kampuni ya Vitagraph nayo ilikuwa na msichana wake, Florence Turner. Huu ulikuwa mfumo kamili wa majina yasiyo majina, ambamo nafasi hudumu na watu hupita.

Kuondoka kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Mwaka 1909 Lawrence na Solter waliiandikia kampuni ya Essanay kuulizia kazi yenye malipo bora. Essanay iliwaarifu wakubwa wa Biograph, na wote wawili wakafukuzwa. Hili liliwezekana kwa sababu kampuni hizo mbili zilikuwa ndani ya muungano mmoja, Motion Picture Patents Company, ulioundwa Desemba 1908 ili kuhodhi biashara ya filamu kwa kutumia hataza, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa, za kamera na mashine za kuonyeshea. Aliyefungiwa mlango mmoja alikuwa amefungiwa yote.

Nje ya muungano huo alikuwapo Carl Laemmle, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeanza na ukumbi mmoja wa sinema jijini Chicago mwaka 1906, na ambaye mwaka 1909 alianzisha kampuni yake, Independent Moving Pictures, maarufu kwa kifupi kama IMP. Laemmle hakuwa na hataza. Alichoweza kukipata ni uso ambao nchi nzima iliujua. Lawrence alimfaa, na Laemmle naye alimfaa Lawrence.

Machi 1910 tangazo la IMP lilitokea katika jarida la biashara la Moving Picture World. Lilidai kwamba maadui wa kampuni walikuwa wameeneza uongo mjini St. Louis kwamba Bi. Lawrence ameuawa na tramu; likautangaza uongo huo kuwa ni uongo; kisha, kwa utulivu mkubwa, likazitaja filamu zake zinazofuata. Wengi wanaamini kwamba uvumi uliokanushwa ulitungwa na watu wa Laemmle wenyewe. Baadaye mwezi huohuo alipelekwa St. Louis pamoja na mwigizaji mwenzake King Baggot, akapokewa na umati. Hekaya zilizofuata zinasema watu walimvutavuta hadi wakang'oa vifungo vya koti lake.

Tukilisoma tangazo hilo kama matini, tutaona lina muundo wa ngano: kifo, maombolezo yanayodokezwa tu, ufufuo, na adui anayeaibishwa. Lina msimulizi anayejifanya mkweli kwa kumsuta msimulizi mwingine ambaye huenda hakuwahi kuwapo. Na lina mhusika mkuu asiyesema neno. Lawrence hakuandika tangazo hilo wala halinukuu kauli yake. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1913, Griffith alipoiacha Biograph alichapisha tangazo lake mwenyewe, akaziorodhesha filamu alizozielekeza na mbinu alizodai kuzianzisha. Yeye pia alikuwa amefichwa. Lakini alipotoka mafichoni alijitangaza kama mtunzi. Lawrence alitangazwa na mwingine, kama habari.

Watafiti wa baadaye wameurekebisha ule utangulizi wa St. Louis. Imebainika kwamba kampuni ya Kalem ilichapisha picha ya waigizaji wake pamoja na majina yao Januari 1910, miezi miwili kabla ya tangazo la Laemmle. Kwa hiyo ukwanza wa Lawrence si wa kuhesabiwa kwa kalenda. Lililokuwa jipya ni kwamba maisha ya mwigizaji nje ya filamu, hata kifo chake, yaligeuzwa kuwa hadithi ya kuuzwa sambamba na filamu. Mfumo wa nyota hauhitaji jina pekee. Unahitaji jina lenye kisa.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa kwa haraka. Mwisho wa 1910 aliiacha IMP, na nafasi yake, kwa mara nyingine, ikachukuliwa na Pickford. Mwaka 1911 alifanya kazi na kampuni ya Lubin ya Philadelphia, na mwaka 1912 yeye na Solter walianzisha kampuni ya Victor huko Fort Lee, New Jersey, kwa msaada wa Laemmle. Hapo, kwa muda mfupi, alikuwa mwigizaji aliyelipwa vizuri na mwenye sauti katika kazi yake. Akanunua shamba na kupanda waridi. Victor ilimezwa na Universal, kampuni mpya ya Laemmle. Wakati wa kupiga Pawns of Destiny mwaka 1914, katika onyesho la moto, aliungua, akaanguka na kuumia mgongo. Kampuni ilikataa kulipa gharama za matibabu, na ndoa yake na Solter haikupona. Alijaribu kurejea mwaka 1916 katika Elusive Isabel, na tena mwaka 1922 katika The Unfoldment, lakini afya haikumruhusu na sinema haikumsubiri.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo haliwezi kuachwa. Lawrence alipenda magari, akayaendesha wakati ambapo wanawake wachache waliyaendesha, na mwaka 1914 alieleza vifaa viwili alivyovibuni: kibao cha nyuma kilichonyanyuka dereva alipobonyeza kitufe kuonyesha upande anaokata, na kingine kilichoonyesha neno la kusimama dereva alipokanyaga breki. Hakuvisajili. Mama yake alisajili hataza ya kifuta-kioo cha umeme mwaka 1917, nayo haikumletea faida. Mwanamke aliyefukuzwa kazi na muungano uliojengwa juu ya hataza hakuwa na hataza hata moja kwa jina lake.

Katika miaka ya 1920 aliendesha duka la vipodozi jijini Los Angeles pamoja na mumewe wa pili. Mama yake alifariki mwaka 1929, mali ikayeyuka katika mdororo wa uchumi, ndoa ya pili ikavunjika, na ya tatu, ya mwaka 1933, ilidumu miezi michache kwa sababu mume alikuwa akimpiga. Mwaka 1936 studio ya MGM iliwaajiri waigizaji wa zamani kwa vijisehemu vya kupita tu, kwa dola 75 kwa wiki, naye alikuwa miongoni mwao. Akawa tena mwigizaji asiyetajwa jina. Aliugua maradhi ya uboho yenye maumivu makali, na tarehe 28 Desemba 1938, akiwa na umri wa miaka 52, alijiua. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama mjini Hollywood. Alama ilikuja mwaka 1991, kwa gharama ya mwigizaji mmoja Mwingereza ambaye hakutaka kutajwa. Jiwe hilo linamwita kwa jina lake, kisha linamwita Msichana wa Biograph na nyota wa kwanza wa filamu, na linasema alizaliwa mwaka 1890.

Filamu zake, ambazo kwa hesabu ya kawaida zinakaribia 300, zilipata majaliwa yasiyolingana. Ghala la Lubin liliteketea kwa moto Juni 1914. Universal yenyewe iliangamiza akiba yake kubwa ya filamu bubu mwaka 1948. Hivyo nyingi za filamu zilizouzwa kwa jina lake hazipo tena. Za Biograph, zilizotengenezwa wakati jina lake lilipokuwa siri, zimesalia kwa wingi, na kwa sababu ya kisheria tu: kabla ya mwaka 1912 sheria ya Marekani haikuitambua filamu kama kazi inayojitegemea, kwa hiyo Biograph ilizilinda zake kwa kuzichapa picha moja moja kwenye mikunjo mirefu ya karatasi na kuziwasilisha Washington kama picha za kawaida. Karatasi hizo hazikuoza wala kuungua, na katikati ya karne ya 20 zilipigwa upya na kurudishwa kwenye filamu. Humo ndimo alimo mke wa baharia, barazani, akiwa bado hajainyoosha mikono. Zilisajiliwa kwa jina la kampuni.